Kalamu ya Kutunga na Kalamu ya Kuchungua



Katika barua tulizopokea mwezi huu imo moja iliyotukalisha kitako. Imeandikwa na mama mmoja wa Tanga, na ndani ya bahasha ametia karatasi za binti yake. Binti huyo amemaliza shahada ya kwanza ya fasihi, na sasa amesimama penye njia panda. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kimemkubali asome kwa mwaka mmoja shahada ya pili ya uandishi wa kubuni, yaani elimu ya kutunga hadithi. Lakini ada yote ni juu yake. Na chuo kikuu kimoja cha hapa nchini kimemkubali asome shahada ya pili ya utafiti wa fasihi ya Kiswahili, na ada atalipiwa.

Baba yake ataka asome utafiti, aendelee mpaka udaktari wa elimu, awe mhadhiri. Binti mwenyewe ataka uandishi, na asema akiikosa safari hii hadithi aliyoianza itakufa. Ami yake asema kutunga hadithi ni kutunga uongo, wala hapana haja ya kupanda ndege kwenda kujifunza uongo. Na mama anacho kiwanja alichorithi kwa marehemu baba yake, nacho ndicho kinachotajwa kuuzwa ili safari iwezekane. Atuuliza: "Kheri iko wapi?"

Aijuaye kheri ni Mwenyezi Mungu. Sisi si wa kumkatia mtu shauri la maisha yake. Walakini aombwaye shauri amekabidhiwa amana. Kwa hiyo tutasema tunayoyajua, kisha tutatoa rai yetu bila ya kuificha. Tena twaandika hapa kwa wote, kwani twaamini nyumba hii si peke yake yenye mzozo wa namna hii.

NENO LA AMI

Tuanze kwa ami, kwani neno lake likiachwa hivi hivi, mengine yote hayatasikilizwa. Ni kweli kwamba Kurani Tukufu, mwishoni mwa Sura ya 26, imewalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda. Lakini ami asiishie njiani. Aya iliyo mwisho kabisa wa sura hiyo yawatoa katika lawama wale walioamini na wakatenda mema. Na Mtume s.a.w. alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyeutetea Uislamu kwa ulimi wake.

Ama hadithi za kubuni, uongo ni kumfanya mtu asadiki jambo lisilokuwa. Mtunzi wa hadithi hamdanganyi msomaji wake, kwani wote wawili wajua kwamba kisa kimetungwa. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake 50 juu ya mtu mmoja mjanja, Abu Zayd, na kitabu hicho kikasomeshwa kwa karne nyingi kwa wanafunzi wa lugha ya Kiarabu. Wanazuoni wengi hawakumwita mwongo. Basi linalopasa kuulizwa si kama binti atunge au asitunge, bali atatunga nini, na kwa adabu gani. Hayo yakiisha, turudi kwenye njia panda.

NJIA HIZI ZAFUNDISHA NINI

Watu wengi hudhani kuwa njia hizi mbili ni moja, kwa sababu zote mbili zahusu vitabu. Sivyo. Fundi seremala na mkaguzi wa majengo wote wawili waujua mlango, lakini kazi zao za kila siku hazifanani.

Elimu ya uandishi wa kubuni kama isomeshwavyo leo ilikulia Marekani. Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha karakana yake ya waandishi, na vyuo vingi vikafuata mfano huo. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilianzisha shahada ya pili ya namna hiyo mwaka 1970, kwa juhudi za waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson. Marekani masomo hayo aghalabu huchukua miaka miwili au mitatu. Uingereza, mwaka mmoja.

Darasa lenyewe huwa hivi. Wanafunzi wachache, kumi au zaidi kidogo, huizunguka meza pamoja na mwalimu ambaye mwenyewe ni mwandishi. Mmoja wao amekwisha kuwagawia wenzake sura ya hadithi yake, nao wameisoma nyumbani. Kisha kila mmoja husema penye uzima na penye kasoro, na katika madarasa mengi mwenye hadithi hutakiwa anyamaze, asikilize. Mwisho wa masomo hutoa mswada wake, ambao ndio mtihani mkubwa. Tukiipima faida yake bila ya maneno mengi, twaona mwanafunzi hupata mambo matatu: wakati wa kuandika, wasomaji makini, na siku maalumu ya kuikabidhi kazi. Kipaji hapewi. Wala waalimu wakweli wa elimu hiyo hawadai kuwa wakigawa kipaji.

Utafiti wa fasihi ni mwendo mwingine. Mwanafunzi huchagua swali, husoma yote yaliyokwisha kusemwa juu ya swali hilo, hukusanya ushahidi, kisha huandika tasnifu. Hapimwi kwa utamu wa hadithi yake, bali kwa nguvu ya hoja yake na uaminifu wa ushahidi wake. Shahada ya pili huchukua mwaka mmoja au miwili. Udaktari huchukua miaka mitatu au minne Uingereza, na Marekani mara nyingi hupita mitano. Faida yake ni kusoma kwa kina, kujua njia ya kuhakiki jambo, na kupata kazi ya kufundisha. Katika vyuo vikuu vyetu, njia ya kawaida ya kufikia uhadhiri ni udaktari, na shahada ya uandishi peke yake aghalabu haitoshi. Baba wa binti huyu hakukosea katika hilo.

WALIOTANGULIA

Binti ameandika kwamba hakuna mwandishi aliyetoka katika utafiti, kwa kuwa utafiti huikausha kalamu. Hapo ndipo tunapompinga kwa upole.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza angali kijana. Hakupita katika shahada ya uandishi. Alisoma utafiti, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kwa tasnifu juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Alifundisha fasihi Kent kwa miaka mingi mpaka akastaafu, na muda wote huo akiandika. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hali kadhalika Toni Morrison wa Marekani: shahada yake ya pili aliipata Cornell mwaka 1955 kwa kuchunguza vitabu vya waandishi wengine wawili, riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1970, na Nobel akaipata mwaka 1993.

Walakini baba naye asishangilie mapema. Kazuo Ishiguro alipata shahada ya uandishi pale East Anglia mwaka 1980, na Nobel mwaka 2017. NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe alihitimu uandishi Cornell mwaka 2010, na mwaka 2011 akapata Tuzo ya Caine. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kusoma shahada ya pili ya utafiti. Hakuimaliza, lakini alitoka huko na riwaya, "A Grain of Wheat", iliyochapwa mwaka 1967. Kwake yeye, chuo cha utafiti kiligeuka kuwa chumba cha kuandikia.

Tena yuko Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. "Rosa Mistika" ilitoka mwaka 1971, na riwaya nyingine tatu zikafuata kabla ya mwaka 1980. Kisha akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akaupata mwaka 1985. Aliyesoma "Nagona" na "Mzingile", alizoziandika baadaye, huona mara moja kwamba kalamu imebadilika, imeingia katika falsafa na mafumbo. Utafiti haukumkausha, ulimgeuza. Wako waliopenda mgeuko huo, na wako waliotamani kalamu ya zamani.

Na Tanga yenyewe, si mbali na nyumbani kwa binti huyu, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hakuwa na shahada ya uandishi wala ya utafiti. Alikuwa karani wa serikali, akafanya kazi katika idara ya forodha, na aliandika baada ya kazi mpaka alipofariki mwaka 1962.

Alhasili, ushahidi wa waliotangulia hautupi njia moja. Watupa jambo moja tu: wote hao waliandika, chuoni na nje ya chuo. Cheti hakikuwa chanzo cha kalamu ya yeyote kati yao.

LUGHA YA HADITHI

Sasa tufikie jambo ambalo hatukuliona limetajwa katika barua, si na baba, si na binti, nasi twaliona kuwa ndilo kubwa. Binti ametuletea sura ya kwanza ya hadithi yake. Tumeisoma, na tunasema kweli mbele ya Mola wetu kwamba ni nzuri. Kiswahili chake ni cha Tanga, chenye chumvi ya baharini. Bibi auzaye mikate kibarazani ameumbwa akaumbika. Kwa ajili ya kutafuta nafasi Uingereza alifasiri kurasa chache kwa Kiingereza, na kurasa hizo pia ametuletea. Humo bibi yule amekwisha kuwa mtu mwingine, hana mzaha wake.

Basi twauliza: katika meza ile ya Uingereza, ni nani atakayeisoma hadithi yenyewe? Masomo hufanywa kwa Kiingereza, wenzake hawatajua Kiswahili, na mwalimu, hata angekuwa hodari namna gani, hawezi kumwambia kama neno la bibi huyu limekaa mahali pake. Atasahihishiwa kivuli, na mwili aurudishe Tanga kama ulivyotoka. Kama angekuwa ataka kuandika kwa Kiingereza, tungesema mengine. Lakini yeye asema ataka kuandika kwa Kiswahili.

Utafiti wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, humkuta mtu katika lugha yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hata tasnifu ya udaktari juu ya fasihi ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Huko atasoma tenzi, riwaya na mashairi ambayo katika shahada ya kwanza aliyapitia kwa haraka ya mtihani tu.

Wasomaji wetu wote wamjua Abunuwasi wa ngano zetu. Lakini Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun Rashid. Mashairi yake ya ulevi hatuyasifu; ila kisa kimoja husimuliwa juu yake, nacho kina mafunzo. Alimwendea mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar, akaomba ruhusa ya kutunga. Mwalimu akamwambia ahifadhi kwanza mashairi elfu ya watu wa kale. Akaenda, akayahifadhi, akarudi akamsomea. Mwalimu akasema: sasa nenda ukayasahau yote, ndipo utunge. Anayetaka kutunga na hakusoma ya waliomtangulia, mfuko wake mtupu. Na anayesoma asiweze kusahau, kila sentensi aiandikayo ataihukumu kabla haijazaliwa. Hiyo ndiyo hatari ya kweli ya utafiti, na binti afanya vema kuiogopa.

MALI NA DENI

Ada ya mwaka mmoja kwa mgeni katika vyuo vya Uingereza mara nyingi hupita pauni 20,000, mbali na kula na kulala, mbali na nauli. Vipo vyuo vya Marekani, kama vile Cornell na Michigan, ambavyo huwasamehe ada wanafunzi wa uandishi na kuwapa posho. Lakini wanaokubaliwa kila mwaka ni wachache sana. Kijana aandikaye kwa Kiingereza, akapata nafasi ya namna hiyo, sisi tutamwambia: sema alhamdulillahi, uende.

Nafasi ya binti huyu si ya namna hiyo. Kwake, mlango ni kiwanja au mkopo wa riba. Mkopo wa riba hatuwezi kuushauri, wala hatudhani mama atautaka. Ama kiwanja ni mali ya mama, si ya baba wala ya binti. Yeye ndiye mwenye kukiuza au kukiacha, na mtu asimlazimishe kwa machozi wala kwa hasira. Lakini tumkumbushe kwamba baada ya mwaka mmoja kiwanja kitakuwa kimekwenda, na mswada wa Kiswahili utakuwa bado wahitaji msomaji wa Kiswahili.

RAI YETU

Kwako wewe, binti yetu. Umetuambia kwamba hadithi yako ilisimama katika sura ya tano, na sasa imekuwa miaka miwili. Twadhani hukuitafuta safari kwa ajili ya elimu. Wataka mtu akupe ruhusa ya kuandika, na siku ya kumaliza. Ruhusa hiyo haiuzwi Uingereza. Chukua nafasi ya utafiti hapa nchini, lakini kwa sharti moja: uwe na swali lako mwenyewe. Keti ukaliandike katika nusu ukurasa. Ukiweza, nenda kwa moyo mweupe. Ukishindwa, na ukaona waenda kwa kumridhisha baba tu, basi usichukue nafasi ya mtu mwingine aliye na swali. Fanya kazi ya halali, kama Shaaban Robert alivyofanya, uandike baada ya kazi.

Na yale mambo matatu ya karakana yatafute papo hapo ulipo. Wakati: saa moja baada ya sala ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na kabla hujafungua kitabu chochote cha uhakiki. Wasomaji: wenzako watatu au wanne wanaokijua Kiswahili na wasiokuonea haya, mkutane mara moja kila mwezi, na kila mmoja alete kurasa. Siku ya kukabidhi: ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada isiyochapishwa; na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Uliza masharti ya mwaka huo, uiandike siku ya mwisho ukutani kwako. Hata usipopata tuzo, utakuwa na mswada uliokamilika, na hilo ndilo lililokushinda kwa miaka miwili.

Kwako, ndugu yetu baba. Umepata ulichokitaka, basi lipa haki yake. Usimwambie mwanao kwamba utafiti ni kazi na hadithi ni mchezo. Mpe chumba chenye mlango, na saa ile ya asubuhi asiitwe kuchota maji wala kuandaa chai. Wako ndugu zake wa kiume, nao wana mikono. Na kila anapomaliza sura, muombe akusomee. Twadhani binti huyu ataka kusikilizwa na baba yake kuliko anavyoitaka Uingereza.

Kwako, mama. Kiache kiwanja mahali pake. Huenda mwanao, akiisha kumaliza kitabu, akapata nafasi ya ufadhili mahali pengine, akaenda akiwa na kazi mkononi badala ya matumaini matupu. Mlango huo haukufungwa, umeahirishwa tu.

Na nyinyi nyote watatu, shaurianeni kwa upole, kisha binti asali istikhara. Lakini istikhara si kutupa kura. Mtu hutafuta habari kwanza, hupima, huazimia, kisha humuomba Mola wake amfanyie wepesi penye kheri na amwepushe na penye shari. Ikiwa baada ya hayo mtaona tofauti na tulivyoona sisi, hatutaona vibaya. Ila tumuombe binti jambo moja: sura ya sita ikiisha, tuletewe. Twataka kujua yule bibi wa mikate amefanya nini.

Wabillahi tawfiq.